Ukinzani wa Nini? Maoni Kuhusu Istilahi na Vizio vya Mtiririko katika Njia Ndogo za Maji, kwa Mfano wa Rujewa

Katika Bonde la Usangu, ambako mji wa Rujewa ndio makao makuu ya Wilaya ya Mbarali, mahali mfereji unapochepuka kutoka mtoni huitwa banio. Neno hili hutumiwa na wakulima wa mpunga, mafundi wa umwagiliaji na maofisa wa maji bila ubishi wowote, na muundo wake ni wa Kiswahili kitupu: mzizi -ban-, wenye maana ya kushika kwa kukaza au kufinya, pamoja na mwishilizo -io, unaodokeza mahali pa kutendea au chombo cha kutendea. Banio ni pale maji yanapobanwa. Mwanafizikia akiulizwa ni jambo gani hasa linalotendeka hapo, atajibu kwamba njia ya maji imeongezewa ukinzani. Kwa hiyo dhana ya ukinzani wa njia ya maji si ngeni Usangu. Imo katika mazungumzo ya kila siku, na ina jina lililonyambuliwa vizuri kuliko majina mengi yaliyotoka katika vikao vya kusanifisha istilahi. Kinachokosekana ni namna ya kuisema dhana hiyo kwa kipimo.

Makala haya yanadai kwamba ugumu wa kueleza ukinzani wa mtiririko kwa Kiswahili hauko katika jina la dhana, bali katika kizio chake. Waundaji wa istilahi wamezoea kukitafutia kiasi neno lake, wakakubaliana au wakabishana juu ya neno hilo, kisha wakaishia hapo. Kizio huachwa kijitafutie njia kama kifurushi cha alama kilichofungwa na wageni. Lakini kizio si alama tu. Kikitamkwa ni kirai, na kirai kina sarufi. Sarufi hiyo ikienda tenge, dhana nzima huenda tenge pamoja nayo.

Hapana budi kukiri mapema kwamba suala hili linaweza kuonekana dogo mbele ya kazi kubwa iliyokwisha kufanyika. Tangu Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipoanzishwa mwaka 1964 na Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967, maelfu ya istilahi za sayansi yamekusanywa na kusanifishwa, na Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa mwaka 1990 ilikuwa hatua ambayo lugha nyingi za Afrika hazijaifikia hadi leo. Hoja si kwamba kazi hiyo ilikuwa mbovu. Hoja ni kwamba kamusi, kwa umbile lake, hushughulikia maneno, na kizio cha ukinzani wa mtiririko si neno.

1.0 Mrija na ndoo

Inafaa kuanza na kitu kinachoshikika. Mkulima wa bustani mwenye ndoo iliyotundikwa juu ya kigingi, akapitisha maji katika mirija myembamba ya plastiki hadi kwenye mashina ya nyanya, anafanya umwagiliaji wa matone. Mrija wa namna hiyo, wenye kipenyo cha ndani cha milimita 1 na urefu wa mita 1, ndiyo njia ndogo ya maji iliyo rahisi kuliko zote kuielewa. Maji ndani yake hutiririka kwa utulivu, tabaka juu ya tabaka, bila mizunguko wala misukosuko.

Watu wawili, kila mmoja kwa njia yake, waligundua kanuni ya mtiririko wa namna hiyo katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Mmoja, Gotthilf Hagen, alikuwa mhandisi wa maji wa Kijerumani, naye alichapisha matokeo yake mwaka 1839. Wa pili, Jean Poiseuille, alikuwa daktari wa Kifaransa aliyetaka kujua damu inavyopita katika mishipa myembamba, akafanya majaribio yake kwa mirija ya kioo na kuyatangaza kuanzia mwaka 1840. Si bahati mbaya kwamba mmoja alikuwa mtu wa mifereji na mwingine mtu wa damu; jambo hili litarejewa hapa chini.

Kanuni yao inasema kwamba ukinzani wa mrija huongezeka kadiri mrija unavyorefuka na kadiri mnato wa kimiminika unavyozidi, lakini hupungua kwa kasi ya kushangaza mrija unapopanuka: kipenyo kikizidishwa mara 2, ukinzani hupungua mara 16. Hapa ndipo fikra ya kawaida hupotea. Mtu yeyote mwenye akili timamu hudhani kwamba mirija 2 ya nusu milimita ni sawa na mrija mmoja wa milimita 1. Aliyesoma kidogo atakumbuka eneo la duara, aseme mirija 4. Jibu ni 16.

Tarakimu zenyewe ni hizi. Maji ya nyuzi 20 za Selsiasi yana mnato wa paskali-sekunde 0.001. Kwa mrija uliotajwa, wenye kipenyo cha milimita 1 na urefu wa mita 1, ukinzani hufikia takriban bilioni 40.7 katika kizio cha Mfumo wa Kimataifa, ambacho wanafunzi hufundishwa kukisoma "paskali sekunde kwa mita ya ujazo". Mwanafunzi huandika tarakimu hiyo, hupigia mstari jibu, hupata alama zake, na hajui amesema nini. Bilioni 40.7 za kitu gani?

Sasa tarakimu ileile isemwe kwa njia nyingine: ukitaka mrija huu upitishe mililita 1 ya maji katika kila sekunde, huna budi kuusukumia kanieneo ya paskali 40,700, yaani kimo cha maji cha zaidi kidogo ya mita 4. Ndoo ya bustani haiko mita 4 juu. Iko mita 1, na kimo hicho hutoa paskali 9,810 tu. Basi mrija utapitisha mililita 0.24 kwa sekunde, au karibu mililita 870 kwa saa, bila kuhesabu upotevu mdogo wa mdomoni. Mrija wa nusu milimita, chini ya ndoo hiyohiyo, utatoa mililita 54 tu kwa saa, kiasi kisichojaza kikombe cha kahawa. Kila sehemu ya maelezo haya inaweza kupimwa na mtoto wa darasa la sita kwa chupa na saa. Hata tofauti ya asubuhi na mchana anaweza kuiona, kwa kuwa maji yakipata joto la nyuzi 30 mnato wake hupungua kwa karibu moja ya tano, na mrija uleule hutoa karibu robo zaidi.

Hakuna kilichobadilika kati ya maelezo ya kwanza na ya pili isipokuwa sarufi ya kizio.

2.0 "Kwa", na "kwa kila"

Ubaya wa "paskali sekunde kwa mita ya ujazo" una sehemu mbili.

Ya kwanza ni neno "kwa". Hiki ni kihusishi chenye kazi nyingi kupita kiasi. Huonyesha chombo (kata kwa kisu), namna (kwa haraka), mahali pa mtu (kwa mjomba), uandamano (wali kwa maharage). Mzigo huo peke yake si tatizo. Lugha zote zina vihusishi vya namna hii, na muktadha huamua. Tatizo ni kwamba ndani ya uwanja huohuo wa hesabu "kwa" hufanya kazi mbili zinazopingana. Fundi anayesema "chumba cha mita 4 kwa 3" anataka tarakimu hizo zizidishwe ili apate eneo. Dereva anayesema "kilomita 80 kwa saa" anataka umbali ugawanywe kwa muda. Shuleni hali ni ileile: "zidisha 4 kwa 3" na "gawanya 12 kwa 3". Katika "lita 30 kwa sekunde" hatari ni ndogo, maana hakuna anayefikiri kuzidisha lita na sekunde. Katika kizio kirefu chenye majina matatu, msikilizaji hana pa kushika.

Sehemu ya pili ni majina mawili yaliyowekwa bega kwa bega: "paskali sekunde". Kiswahili hakina desturi ya kuonyesha kuzidisha kwa kupanga nomino sanjari. Nomino mbili zikifuatana, ya pili huchukuliwa kuwa inaifafanua ya kwanza: askari kanzu, bata mzinga. Paskali sekunde basi ingekuwa aina ya paskali. Lililo baya zaidi ni kwamba katika kizio hiki sekunde haikustahili kukaa pale. Ukinzani ni kanieneo ikigawanywa na mtiririko, na mtiririko ni mita za ujazo zikigawanywa na sekunde. Kigawanyo kikiwa ndani ya kigawanyo, aljebra huirusha sekunde juu, ikakaa karibu na paskali kama mgeni aliyekosea nyumba. Aljebra haina kosa. Kosa ni kuyachukua matokeo ya aljebra na kuyafanya maneno ya kinywani.

Umeme uliepuka mtego huu kwa bahati. Ukinzani wa waya nao ni kiasi cha namna hiyohiyo: volti ngapi zinahitajika kwa kila ampea ipitayo. Lakini kizio chake kilipewa jina la Georg Ohm, na jina la mtu hufunika sarufi yote. Ukinzani wa mtiririko haukupata bahati hiyo. Katika Mfumo wa Kimataifa wa Vizio hauna jina lake maalumu, wala hapana haja ya kuusubiri uheshimiwe kwa jina la mtu. Ukosefu huo ni fursa. Kiasi kisicho na jina la kizio humlazimisha msemaji aeleze maana yake kila anapokitaja, ilimradi apewe sentensi ya kuelezea.

Sentensi hiyo ipo. Kiswahili kina "kwa kila", ambayo haiwezi kamwe kumaanisha kuzidisha vipimo. Hakuna fundi asemaye "mita 4 kwa kila 3" akimaanisha chumba. Pendekezo la makala haya, basi, ni kwamba "kwa" peke yake iachwe katika vizio vifupi vilivyozoeleka, na kwamba katika kizio chochote cha ukinzani mgawanyo mkuu usemwe kwa "kwa kila", na mtiririko usemwe kamili kama mtiririko, bila kuivunja sekunde yake: paskali kwa kila mita ya ujazo ipitayo kwa sekunde, kwa mirija midogo, paskali kwa kila mililita ipitayo kwa sekunde. Kitenzi "ipitayo" ndicho kiungo cha kirai hiki. Kinamkumbusha msemaji kwamba ukinzani haujulikani mpaka kitu kipite.

Wapo watakaosema kirai hiki ni kirefu. Ni kirefu kweli. Lakini hakuna anayependekeza kiandikwe ndani ya fomula; humo alama za kimataifa zitabaki kama zilivyo. Kinachozungumziwa ni usomaji wa alama hizo kwa sauti, darasani na shambani. Wengine, hasa waliolelewa katika hesabu za Kiingereza, watasema wanafunzi wa sekondari hawatakutana na kirai hiki hata hivyo, kwa kuwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ilikiacha Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia katika ngazi hiyo na hali haijabadilika kwa kiasi kikubwa tangu hapo. Hoja hii ina nguvu kuhusu mitihani. Haina nguvu kuhusu mfereji, ambako Kiingereza hakijawahi kugawa maji.

3.0 Ukinzani wa nani?

Kuhusu jina lenyewe la kiasi, hakuna sababu ya kuvunja kilichokwisha kujengwa. "Ukinzani" limezoeleka katika umeme, na hesabu za mirija ni pacha wa hesabu za waya: mirija iliyounganishwa kwa mfululizo hujumlisha ukinzani, na iliyounganishwa sambamba hugawana mtiririko. Kuwa na neno moja kwa pande zote mbili ni faida. Wapo ambao wangependelea "mbano", kwa kulifuata "banio", na pendekezo hilo lina mvuto wa kienyeji usiokanika. Hata hivyo mbano hudokeza wembamba peke yake, ilhali mrija mpana ukirefushwa vya kutosha hukinza vilevile, na asali hukinzwa pale maji yanapopita. Banio lifundishe ukinzani, lisiuondoe.

Penye shida ni kiunganishi -a. Katika "ukinzani wa maji", nani anakinza na nani anakinzwa? Msomaji mmoja ataelewa kwamba maji yanakinza kitu, kama mwogeleaji anavyohisi. Mwingine ataelewa kwamba kuna kitu kinachoyakinza maji. Kiswahili kimekwisha kuteleza hapa mara moja, tena katika jambo zito. "Usugu wa dawa" ndivyo magazeti na mabango yanavyoita hali ya vimelea kutodhurika kwa dawa. Dawa haina usugu wowote. Wenye usugu ni vimelea. Wagonjwa wangapi wamelisikia jina hilo wakadhani dawa yenyewe ndiyo iliyokuwa ngumu, hakuna ajuaye, lakini sarufi inawaruhusu kudhani hivyo. Kwa sababu hiyo ni afadhali kusema daima ukinzani wa mrija, ukinzani wa mfereji, ukinzani wa mshipa, na kuyataja maji baadaye: ukinzani wa mrija dhidi ya maji. Mwenye ukinzani akae mara tu baada ya -a.

Mfano wa mshipa unastahili kuendelezwa kidogo, kwa kuwa ndiko Poiseuille alikotokea. Maradhi yanayowapata watu wazima wengi wa Afrika Mashariki huitwa "presha". Mtu husema "nina presha", na jirani humpa pole, ingawa kila mtu aliye hai ana presha; asiye nayo amezikwa. Neno limetaja kinachopimwa kwa mashine ya mkononi likaacha kinachosababisha. Kwa wagonjwa wengi kilichopanda ni ukinzani wa mishipa midogo iliyojikaza au kuta zake kunenepa, na moyo husukuma zaidi ili damu ipite kiasi kilekile. Daktari akigawanya wastani wa kanieneo wa milimita 90 za zebaki kwa lita 5 zipitazo kwa dakika, hupata milimita 18 za zebaki kwa kila lita ipitayo kwa dakika. Kirai hicho kinasemeka, kinaeleweka, na kimefuata sarufi ileile iliyopendekezwa hapo juu bila kulazimishwa. Kikigeuzwa kuwa paskali na mita za ujazo hupatikana milioni 144, ambayo ni sehemu ndogo sana, chini ya moja kwa mia mbili, ya ukinzani wa ule mrija mmoja wa bustani. Mwili mzima wa binadamu wenye mishipa myembamba kuliko unywele hukinza kidogo kuliko mrija wa plastiki, kwa sababu mishipa hiyo ni mabilioni na yote imepangwa sambamba.

Hali kadhalika kipimo cha haraka cha malaria, kile kitepe cha karatasi ndani ya kibao cha plastiki ambacho sasa hutumiwa hata katika zahanati za vijijini. Damu na maji ya dawa hunyonywa na karatasi yenyewe. Mwanzoni huenda mbio, kisha hupunguza mwendo, kwa kuwa kadiri sehemu iliyolowa inavyorefuka ndivyo ukinzani unavyoongezeka. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa asubiri dakika 15 au 20. Mhudumu akiweza kusema sababu hiyo kwa sentensi moja, mgonjwa hatamharakisha.

4.0 Banio la zege

Kutoka mrija wa milimita 1 hadi mfereji wa Usangu ni mruko mkubwa, na uaminifu unadai useme wazi kwamba kanuni ya Hagen na Poiseuille haiendi mbali hivyo. Mtiririko wa mfereji si tulivu. Katika lango la banio, maji yanapopenya tundu, mtiririko hauongezeki sawa na kimo: kimo kikizidi mara 4, maji huzidi mara 2 tu. Kizio cha kiasi kinachounganisha viwili hivyo nacho hubadilika, kikawa paskali kwa kila mraba wa mita ya ujazo ipitayo kwa sekunde, na hapo kirai cha "kwa kila" huanza kupumua kwa shida. Mradi kinatoa taarifa muhimu. Kizio kikiwa tofauti, kitu kinachopimwa ni tofauti, na anayekisema kwa ukamilifu hataweza kuchanganya mrija na lango hata akitaka.

Kinachobaki kweli kote, mrijani na mtoni, ni kwamba maji yanapokuta njia mbili sambamba hugawanyika kwa kulinganisha ukinzani wa njia hizo. Historia ya karibuni ya Usangu haieleweki bila jambo hili.

Zamani banio lilijengwa kwa magogo, matawi, mawe, majani na udongo. Lilivuja. Mafuriko ya masika yalilibomoa, wakulima wakalijenga upya. Kwa lugha ya makala haya, lilikuwa banio ambalo ukinzani wake dhidi ya mto haukuwa mkubwa sana: hata wakati wa kiangazi, sehemu ya maji ilipenya kati ya matawi ikaendelea na safari kuelekea Ihefu. Kisha yakaja mabanio ya zege, yenye ukuta wa kuzuia mto na malango ya chuma, yakijengwa kwa nia njema ya kuboresha kilimo cha mpunga na kuwapunguzia wakulima kazi ya kila mwaka. Ukuta wa zege hauvuji. Mto ukiwa mdogo, njia ya kuendelea mtoni huwa imefungwa kabisa na njia ya mfereji iko wazi, kwa hiyo maji yote huingia mferejini. Tangu mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi katika sehemu ipitayo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Lawama zilitupwa kwa wafugaji, kwa wakulima wadogo, kwa mashamba makubwa. Katika miaka ya 1990 mgawo wa umeme wa mabwawa ya Mtera na Kidatu ulihusishwa na mpunga wa Usangu. Mwaka 2008 eneo la Ihefu liliingizwa katika hifadhi. Watafiti waliofanya kazi bondeni mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 walionyesha kwamba sababu zilikuwa nyingi, na kwamba mabanio yaliyoboreshwa yalikuwa mojawapo.

Sheria nayo ilizungumza lugha nyingine. Chini ya Sheria ya mwaka 1974 mtumiaji alipewa "haki ya maji". Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 hupewa "kibali". Mabadiliko hayo ya jina yanastahili makala yake. Lakini haki na kibali vyote vilitaja kiasi cha mtiririko, aghalabu lita kadhaa kwa sekunde, ilhali anachokishika mkulima mkononi ni gurudumu la lango. Gurudumu halipimi lita. Linapima ukinzani. Lango lililofunguliwa kiasi kilekile hutoa maji mengi mto ukijaa na machache mto ukipungua, na mwenye kibali cha lita 200 anaweza kukivuka mwezi wa Machi na kukikosa mwezi wa Oktoba bila kuligusa gurudumu lake. Akiitwa mwizi wa maji hushangaa kwa moyo mweupe, na anayemwita mwizi naye ana karatasi. Wote wawili wanakosa neno linalotenganisha kiasi kinachopita na kinachokizuia kisipite.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Bruce Lankford wa Chuo Kikuu cha East Anglia na wenzake, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, waliwachezesha watumiaji maji wa bonde hilo mchezo wa ubao ulioinamishwa ambamo gololi ziliwakilisha maji na vijiti vidogo viliwakilisha mabanio. Wachezaji wa juu waliweka vijiti vyao, wa chini wakabaki mikono mitupu, kisha wote wakakaa kitako kujadili. Hawakuhitaji istilahi yoyote ili kuelewa. Walihitaji istilahi baadaye, gololi ziliporudishwa mfukoni na kila mtu akarudi penye lango lake, ambako kijiti hakionekani kwa macho.

Ipo kazi ambayo idara za Kiswahili zinaweza kuifanya bila kusubiri sera. Msamiati wa maji wa Usangu, wa Kiswahili na wa Kisangu pia, ukusanywe kwa utaratibu uleule unaotumiwa kukusanya methali: jina la kila aina ya banio, la tuta, la mdomo wa jaruba, la maji yanayorudi mtoni. Aidha, vitabu vya kiada vinavyosanifiwa viwe na kifungu cha usomaji wa vizio kwa sauti. Na penye lango lenyewe paweza kutundikwa kibao cha bati chenye safu mbili, kimo cha maji upande mmoja na lita zipitazo kwa sekunde upande wa pili, kwa kila hatua ya gurudumu. Mafundi wa Rujewa wanajua kukipima kibao hicho. Juu ya safu ya gurudumu, mahali ambapo kwa sasa huwa pana namba tupu, paandikwe ukinzani wa lango, si ukinzani wa maji.